Redio Tatu Ndani ya Beseni

Walisema sitaweza. Nilipoondoka Uvira na mfuko mmoja wa nguo, walisema Lusaka itanitapika kabla ya mvua za pili. Haikunitapika. Mchana nilibeba saruji, jioni nilikaa darasani, miaka sita, mpaka nikapata diploma ya umeme yenye muhuri. Hadi leo imetundikwa juu ya mlango wa sebule yangu, upande wa ndani, ili kila anayetoka aipitie chini. Niliporudi wakasema sitajenga. Nikajenga: vyumba vitatu, bati la rangi, madirisha ya nondo niliyoyachomelea kwa mikono yangu. Mtaa mzima ulikuja kuyatazama.

Ndipo kaka yangu mkubwa, aliyebaki milimani upande wa Mulenge na ng'ombe wa baba, akatafuta neno lililosalia na akalipata.

"Kujenga si kukaa," alisema mbele ya ukoo. "Huyu hataweza kukaa peke yake. Siku moja tutashuka kumuchukua."

Nilicheka. Nilikuwa na miguu miwili mizima.

Mguu wa kulia ulivunjika karibu na Luvungi, nikitoka Katogota kutengeneza pampu ya mkulima mmoja. Ndama alivuka barabara, dereva wa pikipiki akamkwepa, mimi nikaenda upande wangu na simu yangu kubwa ikaenda chini ya gurudumu. Hospitalini walinifunga plasta ya jasi kutoka kiunoni hadi vidoleni. Daktari akaniruhusu nirudi nyumbani kwa sharti moja: nilale chali, mguu juu ya ubao, miezi miwili na nusu, bila kukanyaga chini hata mara moja.

Ukoo ulikaa kujadili. Kwetu mlimani, nyumba nane zinashirikiana kipoyi kimoja, machela ya miti miwili na mkeka katikati. Mtu akiugua mahali ambapo gari halifiki, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja. Hawalipwi fedha. Siku hulipwa kwa siku: aliyekubebea leo, kesho utamlimia. Na kipoyi kikishatoka hakirudi kitupu, kwa sababu wazee husema kipoyi kinachotembea kitupu kinatafuta mtu. Kaka alitaka kukileta mara moja.

Nilikataa. Mlimani kwetu hakuna umeme wala mtandao wa simu, na wateja wangu wote ni wakulima wa bonde wenye pampu za jua. Ningekaa huko miezi miwili, wangepata fundi mwingine. Tena mtu aliyepandishwa kwa kipoyi mbele ya macho ya watu hashuki tena kama fundi. Hushuka kama mdogo wake fulani. Niliona kwamba nikilala usiku mmoja nyumbani kwa kaka yangu, nyumba yangu ya Uvira itakuwa hadithi ya kuchekesha.

Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ndiye aliyenilea, akaamua. Kila asubuhi anapokwenda kukamua, hupita juu ya mgongo wa kilima ambako mtandao unashika. Hapo husimama muda mfupi tu, kwa maana ng'ombe hawangoji.

"Utanipigia saa kumi na mbili kamili," alisema. "Nikisikia sauti yako, unabaki kwako. Ukikosa asubuhi moja tu, mwana wa kaka, mimi sitauliza kwa nini. Nitawatuma."

Nilikubali kwa kiburi. Ni kitu gani kumpigia mtu simu asubuhi?

Lakini mtu anayesema hivyo hajalala chali. Chumba changu kina madirisha mawili yenye vibao vya chuma nje na nondo ndani. Nilivijenga hivyo kwa ajili ya wezi, na wezi kweli hawajawahi kuingia. Sasa mimi ndiye nilikuwa ndani. Sikuweza kuinuka kufunga mlango, kwa hiyo ufunguo nilimpa jirani yangu, mjane auzaye ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Yeye hutoka saa kumi alfajiri kwenda ufukweni kupokea samaki wa wavuvi, na hurudi jua likishapanda. Alikuwa akinifungia kwa nje. Nilikuwa nikisikia ufunguo ukizunguka, halafu viatu vyake vikiondoka, halafu hakuna kitu. Hapo juu ya kitanda nilikuwa na dari niliyoipigilia mwenyewe, nikaijua misumari yake yote. Mmoja nilikuwa nimeupinda. Kwa miezi miwili na nusu ulinitazama.

Simu iliyonibakia ilikuwa kijisimu cha vitufe ambacho betri yake ilishachoka. Ukikitoa kwenye chaja, baada ya robo saa kinakufa, na kikifa kinasahau saa. Kukiwashia kengele ya kuniamsha kulikuwa sawa na kumwachia mlevi nyumba. Na dawa za maumivu walizonipa zilikuwa za kumwangusha ng'ombe. Asubuhi tano za kwanza niliamka kwa bahati na kwa hofu. Asubuhi ya sita nilimpigia shangazi akiwa ameshaanza kuteremka upande wa pili. Sauti yake ilikatika baada ya neno moja. Neno hilo lilihesabiwa, lakini niliona kwamba bahati imefika mwisho.

Nilihitaji kitu kimoja kando ya kitanda: saa ya kuniamsha, redio ya kuninongonezea, na mahali pa kusimamisha simu ijichaji usiku kucha mkono wangu ukiwa karibu. Vitu hivyo vipo. Nilikuwa nimeviona Lusaka katika vyumba vya hoteli nilipokuwa nikitengeneza nyaya zao.

Umeme nilikuwa nao, ila wa kuazima. Mita yangu ilikuwa haijafungwa bado, kwa hiyo jirani yangu alipitisha waya kutoka kwake mpaka kwangu kati ya nondo za dirisha. Kitanda chenye ubao kilikuwa cha katekista wa nyuma ya nyumba. Hata beseni la kujisafishia lilikuwa la mke wake. Mimi, mwenye diploma, sikuwa na kitu hata kimoja chini ya mwili wangu kilichokuwa changu.

Jirani alikwenda sokoni kwa muuzaji wa vitu vya mitumba, akamshawishi ampe redio tatu aniletee nichague. Alizileta ndani ya beseni lake la ndagala, kichwani, zimefunikwa kwa kitenge. Akazipanga juu ya tumbo langu, moja moja, kama mtu anayempangia mgonjwa dawa.

"Haya, Mudiplome. Chagua bibi wa kuoa."

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, na juu yake ina jino pana la kuchomekea simu. Jino hilo ni la simu za kitajiri za zamani, ambazo hapa kwetu hakuna aliyebaki nazo. Niliiweka kando.

Ya pili ilikuwa nzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyofuata, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na sanduku la rangi ya mbao, tarakimu nyekundu kubwa kama kidole, kitako cha kuegemeza simu na tundu la waya wa chaja. Ilikuwa imetoka Amerika. Niliigeuza nikasoma maandishi ya nyuma: volti mia moja na ishirini, hezi sitini.

Ya tatu ilikuwa ya plastiki ya manjano, yenye mshikio kama ndoo, kioo cha jua mgongoni na tochi usoni. Saa yake ilikuwa ndogo, ya bluu. Mbele ilikuwa na mfuko wa kusimamisha simu na waya mfupi wa kuichaji.

"Chukua hii," jirani alisema, akiigonga ile ya manjano. "Iko na jua yake ndani. Umeme ikienda, yeye haina habari."

"Mama, hiyo ni ya kuchungia mbuzi."

"Na weye uko wapi? Uko ofisini?"

"Sikiliza nikufundishe," nilisema. Nilikuwa sijafundisha mtu kwa siku nyingi, na nilifurahi. "Hii ya mbao inataka volti mia na ishirini. Umeme wetu ni mia mbili na ishirini. Mtu wa kawaida angeichomeka, ikaungua palepale. Mimi ninayo transfoma katika sanduku la vyombo. Niletee."

Alileta. Nikafunga nyaya nikiwa chali, mikono ikiwa hewani juu ya uso wangu, kazi ambayo mafundi wengi wa mji huu hawawezi hata wakiwa wamesimama. Tarakimu nyekundu zikawaka. Jirani alipiga makofi, ingawa alikuwa anacheka.

"Inapendeza kweli," alikubali. "Kama macho ya paka."

Saa mbili usiku, taarifa ya habari ilipoanza redioni, niliiweka saa yangu sawasawa nayo. Kijisimu nikakisimamisha kwenye kitako chake, saa yake iliyopotea nikaiacha vilevile, kwa nini nihangaike nayo tena? Kengele ya redio nikaitega robo saa kabla ya kumi na mbili. Nikameza dawa, nikalala kama mfalme.

Nilizinduka mara moja kwa kengele ya parokia. Nilitazama tarakimu: saa kumi kasoro dakika tano. Nilimhurumia mpiga kengele. Nikawaza, mzee yule ameanza kuchanganyikiwa, anaamsha Wakristo usiku wa manane. Vibao vya madirisha vilikuwa vimefungwa, chumba kilikuwa cheusi, na sikuwa na shahidi mwingine isipokuwa yale macho mekundu. Nikalala tena.

Kengele yangu ilipolia niliamka mwepesi. Nikajikohoza ili sauti iwe ya mtu mzima, nikapiga. Simu ya shangazi haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nilikuwa bado napiga ufunguo ulipozunguka mlangoni, na jirani akaingia na mwanga mkali nyuma yake, beseni likiwa limeshauzwa nusu.

"Mbona umerudi mapema?" nilimwuliza.

"Mapema gani?"

"Ni saa kumi na mbili sasa hivi. Tazama."

Akaitazama saa. Akanitazama mimi. Akaenda dirishani, akasukuma kibao cha chuma, na jua likaniangukia usoni lote.

"Jua iko juu namna hii, weye unasema kumi na mbili? Watoto wamekwisha kuingia masomo!"

Nilikuwa najua jibu kabla hajamaliza kucheka, na ndiyo tofauti kati yangu na wengine. Saa za namna ile hazina moyo wao wenyewe. Huhesabu mapigo ya umeme unaotoka ukutani. Kule kwao umeme hupiga mara sitini kwa sekunde moja. Kwetu hupiga hamsini. Kila saa moja ya kweli, ile redio ilikuwa inahesabu dakika hamsini tu, kwa uaminifu kabisa. Niliyasoma maandishi yale kwa macho yangu. Nilitengeneza volti kwa kuwa volti ndiyo inayoonekana, inaunguza, inatoa moshi, na kila fundi wa Uvira huogopa volti. Hezi hakuna anayeiuliza. Diploma yangu ilinifundisha yote mawili. Mimi nilijibu swali moja nikatoka darasani.

"Shangazi yako?" jirani aliuliza, sasa hacheki.

"Nimemkosa."

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akainama, akavuta beseni lingine chini ya meza, na ndani yake, chini ya kitenge, akatoa ile redio ya manjano.

"Sikumurudishia muuzaji," alisema. "Nilijua."

"Ulijua nini? Unajua hezi?"

"Najua weye."

Tuliitia jua mchana kutwa kwenye dirisha. Asubuhi iliyofuata ilinililia usoni kwa sauti mbaya ya jogoo aliyebanwa shingo, saa kumi na mbili kasoro tano, na simu ilikuwa imejaa. Nikapiga. Shangazi akapokea kwa mlio wa kwanza.

"Uko hai!" alisema, na nilisikia upepo wa kilima na ng'ombe. "Mwana wa kaka, umechelewa siku moja. Waliondoka jana jioni. Wamelala njiani. Wanakuja."

"Warudishe!"

"Kwa simu gani? Na kipoyi kimeshatoka. Unajua."

Kusubiri watu wanaokuja kukuchukua, na wewe huwezi hata kugeuka ubavu, ni jambo ambalo sijawahi kulieleza vizuri. Mtu mwenye miguu hata akishindwa anakimbia. Mimi nilihesabu misumari. Nilifikiri kumwambia jirani anifungie kwa nje aondoke na ufunguo. Kisha nikakumbuka kwamba nondo nilizochomelea ni imara sana, lakini bawaba za mlango niliziweka za bei rahisi.

Walifika karibu na adhuhuri, wanane, na kaka yangu mbele. Chumba kikajaa. Harufu ya moshi wa kuni na maziwa ilikuwa ya nyumbani kwa baba.

"Yaya, karibu," nilisema nikiwa chali, kama tumwitavyo kaka mkubwa kwetu.

"Nilisema nini?" kaka alijibu. Hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama dari yangu, kuta zangu, waya uliopita kati ya nondo. "Nilisema nini mbele ya watu?"

Mbebaji mmoja mnene, aliyekuwa akishika ncha ya mbele, aliupima mwili wangu kwa macho. "Bwana fundi, umenona. Utatuvunja mabega."

"Hambebi mtu hapa. Nimempigia shangazi leo, saa yake kamili. Muulizeni."

"Leo," kaka alisema. "Na jana?"

Nikamweleza hezi. Nilimweleza vizuri, kwa mifano, mapigo sitini na mapigo hamsini. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza daktari wa ng'ombe.

"Kwa hiyo," alisema, "ulilala."

Wanaume wale wakacheka, na mimi nilijiona nimeshainuliwa. Wawili walikuwa tayari wamekamata ubao chini ya mguu wangu. Nilishika nguzo ya kitanda cha katekista kwa mikono yote miwili. Niseme wazi, kwa sababu hadithi si mahali pa kuficha: nilikuwa karibu kulia, nikiwa na miaka yangu yote na diploma yangu ikining'inia chumba cha pili.

"Mungoje," jirani alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunga kitenge kwa nguvu, kama anavyofanya akigombana na wavuvi. "Mukienda naye, mutakuwa mumebeba muntu asiyetaka. Mukienda bila yeye, kipoyi iko tupu, mutaogopa. Sivyo?"

"Ndivyo," kaka alisema.

"Basi pale hospitali ninapouzia ndagala, kuko mama wa kwenu mulimani. Amezaa kwa kupasuliwa, siku ya kumi leo, wamemupa ruhusa, na hana namna ya kupanda. Gari inamufikisha mwisho wa barabara tu. Huko juu nani atamubeba? Yeye na mutoto, ni wawili. Kipoyi itarudi imejaa kupita mulivyotaka."

Waliachia ubao taratibu. Yule mnene alimgeukia kaka, akasema kwa Kifuliiru, lugha yetu, jambo fupi, na niliona mabega ya wengine yakishuka. Mzazi na mtoto mchanga kupandishwa kwa kipoyi ni heshima kwa nyumba zote nane. Hakuna mzee ambaye angeuliza kwa nini mdogo wa fulani amebaki Uvira.

Kaka alibaki amesimama juu yangu baada ya wenzake kutoka. Aliichukua ile redio ya manjano, akaiwasha tochi, akaizima.

"Hii ndiyo itakuamsha?"

"Ndiyo."

"Mbaya."

"Najua, Yaya."

"Kila asubuhi mpaka utoe hayo majasi. Ukikosa nyingine, nitashuka mimi peke yangu, nitakubeba mgongoni kama mbuzi."

Sikukosa nyingine. Nilihesabu asubuhi hizo zote, na kila moja nilimwambia shangazi neno moja la ziada ambalo hakuliomba: habari za ziwa, bei ya ndagala, mkulima gani wa Katogota nimemwelekeza kwa simu jinsi ya kufungua pampu yake. Wakulima nao walijua kwamba simu yangu sasa haizimiki, wakapiga kutwa. Nilikuwa fundi pekee wa bonde anayefanya kazi akiwa amelala. Lakini ufunguo uliendelea kuzunguka kwa nje kila alfajiri, na kuna asubuhi ambazo baada ya kukata simu nilibaki nimeishika redio ile ya manjano muda mrefu, kwa sababu ndani ya chumba kizima ndicho kitu pekee kilichokuwa na habari za nje.

Jasi ilikatwa mvua zilipoanza. Mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba, mweupe, kama wa mtu mwingine. Nilijifunza kuutumia nikizunguka kitanda, kisha nyumba, kisha mtaa.

Halafu nikaanza kulipa. Kwa jirani niliingiza nyaya mpya nyumba nzima, kila chumba na swichi yake, maana nilikuwa nimekula umeme wake bila kipimo. Alikagua taa moja baada ya nyingine, akasema ya jikoni iko mbali na jiko, nikaisogeza. Katekista nilimrudishia kitanda kikiwa kimepigwa randa na kutiwa vanishi, na beseni la mke wake likiwa jipya. Muuzaji wa redio alipata yake ya mbao, na maelezo marefu kuhusu hezi ambayo hakuyaomba.

Walibaki wale wanane. Nilipanda mlimani kwa pikipiki hadi barabara inapoishia, kisha kwa mguu, na fimbo. Kila mmoja alikuwa amenipa siku ya kushuka bure, na siku hulipwa kwa siku. Nikalala kwa shangazi siku nane. Nilipalilia maharage vibaya. Nilichimba viazi vizuri kidogo. Nilijenga ua wa ndama ambao ulianguka, nikaujenga tena. Wa mwisho alikuwa yule mnene, na yeye alinipa kazi ya kutoa samadi zizini. Nadhani aliichagua kwa makusudi. Nilifanya kutwa nzima, mguu ukiwaka moto, na hakuna mtu aliyenishika mkono.

Jioni mke wake alileta ugali na maziwa ya mgando. Kaka yangu alikuwa amekuja, ameketi kwenye jiwe la mlangoni.

"Umemaliza wote?" aliuliza.

"Wote."

Alihesabu kwa vidole, nyumba kwa nyumba, mpaka akafika kwenye ile tuliyoketi. Kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye jiwe.

"Nawa mikono," alisema. "Unanuka."